Shoga Yangu Alijua Nilichotia Kwenye Soseji, Akanikana Mbele za Watu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Tanga. Naishi Woodbridge, Virginia, na kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Mume wangu aliniacha nikiwa bado na sura ya kuolewa, lakini sikuolewa tena... Miaka ikapita hivyo hivyo, kazini na nyumbani, nyumbani na kazini. Nawaandikia ninyi msionijua kwa sababu wanaonijua wameshapata habari zangu, na habari walizopata ni za uongo mtupu!

Nianze na chakula, maana balaa lote lilianzia kwenye chakula.

Kuna bibi mmoja Mmarekani niliyekuwa nikimtunza, sasa hayupo tena duniani. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika visoseji vya kukaribishia wageni. Unachukua ile sufuria ya umeme ya kupikia polepole, ambayo huku karibu kila nyumba inayo. Unamimina chupa ya jamu ya zabibu na chupa ya sosi ya pilipili, unakoroga, unatia visoseji, unafunika, unaiacha ijifanyie kazi yake mpaka mchana.

Usicheke! Hata mimi nilicheka. Jamu ya kupaka mkate, na soseji? Lakini ikishaiva, ile sosi inakuwa nzito, inang'aa. Kwanza unasikia utamu, halafu chumvi, halafu pilipili inakuja nyuma taratibu. Mimi nikaongeza tangawizi na ndimu, mkono wa Tanga huo, na soseji nikawa nanunua za ng'ombe kwenye duka la nyama ya halali kule Springfield.

Mara ya kwanza nilizipeleka kwenye karamu ya akika ya mtoto wa jirani. Jamani! Watu walifuta ile sufuria kwa mkate. Wanawake wakanizunguka, wanataka kujua nimetia nini. Nikawaambia, "Siri yangu!" Wakacheka, nami nikacheka.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu nawajua watu wetu. Watu wa biriani na mchuzi wa nazi, ukiwaambia umemimina jamu ya chupa juu ya sosi ya chupa, watakucheka mpaka mwisho wa mwaka. Na nisiwadanganye, nilipenda pia kuombwa siri. Nilikuwa na nini kingine cha kuombwa?

Jambo jingine ni kifuniko. Sufuria ile ina sharti lake, kwamba ukiifunguafungua wakati inapika joto linatoka na mapishi yanarudi nyuma. Kwa hiyo kila nilipoichomeka kwenye umeme nilisimama kando yake kama askari. "Msifungue jamani, msifungue!" Na nikiwa safarini nilikifunga kifuniko kwa kanga, mafundo juu, ili sosi isinimwagikie garini. Yote hayo wakati ule yalikuwa ni vichekesho tu.

Mtu mmoja tu alijua kila kitu. Rukia.

Rukia ni mtu wa Mombasa. Tulikutana kwenye chumba cha kufulia nguo cha magorofa tuliyokuwa tukikaa, mimi nikiwa mgeni hata mashine siijui. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Mimi ndiye niliyemshika mkono hospitali alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Tulikuwa kama chanda na pete. Kila nilipoalikwa mahali tulikwenda kununua vitu pamoja, na mimi nikikatakata tangawizi yeye alikuwa akifungua chupa za jamu na kulamba kijiko.

Basi, akatokea Suleiman.

Suleiman ni mtu wa Unguja, fundi wa mabasi, alifiwa na mkewe zamani. Tulifahamiana kwenye hitima moja. Ni mtu mtaratibu, hana maneno mengi, na tangu mwanzo alinieleza wazi kwamba anatafuta mke, hatafuti wa kupoteza naye wakati. Wasomaji, mnajua maneno hayo yanavyoingia kwa mwanamke aliyezoea kula amesimama jikoni peke yake, sahani mkononi? Niliitaka ndoa ile. Niliitaka kwa moyo wangu wote, na sioni haya kusema!

Ila kulikuwa na kizingiti kimoja. Dada yake mkubwa, Bi Shuwena, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na Suleiman hafanyi jambo bila yeye. Aliniambia dada yake akinipokea basi mambo yamekwisha, na asiponipokea... hakumalizia. Bi Shuwena anakaa Wheaton, jimbo la jirani. Kila Idi huwaandalia watu karamu kwenye ukumbi wa magorofa yao, Jumamosi inayofuata, kwa kuwa Idi yenyewe wengi wetu huwa kazini. Akaniletea salamu kwamba nifike, na nisiache kuja na zile soseji zangu anazozisikia.

Watu wa pwani mnanielewa. Ule haukuwa mwaliko wa kula. Ulikuwa mwaliko wa kutazamwa.

Wakati huo huo Rukia alikuwa na mgeni, mdogo wake Nasra, aliyewasili karibuni kutoka Mombasa. Msichana mzuri, mpole, anaona baridi mpaka anatetemeka. Koti lake la kwanza nilimnunulia mimi! Rukia akawa ananiuliza sana habari za Suleiman. Ana nyumba? Karatasi zake za kuishi huku zimekamilika? Dada yake mkali kiasi gani? Mimi nikajua ni furaha ya shoga, nikawa namjibu kila kitu. Ningejuaje?

Asubuhi ya karamu Rukia alikuja kwangu kunisaidia. Tulimimina jamu pamoja, tukacheka, akaonja sosi akasema, "Shoga, leo utawamaliza! Huyo Bi Shuwena ataomba sahani ya pili." Kisha akasema atangulie Wheaton, amsaidie Bi Shuwena kupanga meza. Nikamshukuru... nikamkumbatia mlangoni!

Nilifika mchana, nimevaa dera langu jipya, nimebeba sufuria yangu imefungwa kanga. Wanawake waliokuwa karibu na mlango waliitazama ile kanga, kisha wakatazamana. Nikasalimia, wakaitikia kwa mdomo tu. Nikachomeka waya wa sufuria ukutani, nikasema kwa mzaha kama kawaida yangu, "Msifungue kwanza jamani, ipate joto!" Hakuna aliyecheka.

Chakula kikafunguliwa. Watu wakapita mezani na sahani zao, biriani, katlesi, sambusa, mahamri. Wakifika kwenye sufuria yangu mkono unaruka, unakwenda kwenye kachumbari. Mwanzo nilidhani wanawaachia watoto. Mjukuu wa Bi Shuwena, mtoto wa miaka kama saba hivi, akajipakulia visoseji vyake akiwa amefurahi. Mama yake akamfuata mbio, akamnyang'anya sahani, akamwaga vyote kwenye pipa la taka!

"But why?" mtoto akalia. "They smell so good!"

Mama yake akamvuta mkono. Nikatafuta uso wa Suleiman upande wa wanaume. Sahani yake dada yake alikuwa amempakulia mwenyewe na kumpelekea mpaka mkononi. Macho yetu yakakutana, akainamisha kichwa.

Hapo akaingia Mama Béni, Mkongomani, jirani wa Bi Shuwena, amechelewa kutoka kazini na hajui lolote. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria yangu, akajaza sahani, akaanza kula palepale amesimama. "Mama!" akaniita kwa sauti. "Hii iko muzuri vraiment! Unatiaka nini ndani?"

Ukumbi mzima ukatukodolea macho. Na mimi mpumbavu, kwa mazoea yangu, nikatabasamu nikajibu, "Siri yangu!"

Laiti ningeumeza ulimi wangu!

Bi Shuwena akasimama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Mwanasha," akasema, "hiyo siri leo tuambie. Maana tumesikia mengi. Tunasikia hufungi chungu ila kwa mafundo, na hafungui mtu mpaka useme wewe. Mie nina kaka mmoja tu."

Nikaelewa. Limbwata! Kwa wasiojua, ni ile dawa ambayo mwanamke anadaiwa kumtilia mwanamume kwenye chakula ili apumbazike, asione wala asisikie mwingine. Walidhani nimepika mume! Kanga yangu ya kuzuia sosi isimwagike, kifuniko changu, mzaha wangu, vyote vilikuwa vimepelekwa kule kabla yangu na kuwekwa mezani kama ushahidi.

Nikasema haraka haraka kwamba ni jamu. Jamu ya zabibu, sosi ya pilipili, tangawizi, ndimu, basi!

"Jamu?" mmoja akauliza. "Soseji na jamu?" Wengine wakacheka kile kicheko cha puani. Wasomaji, ukweli wangu ulisikika kama uongo wa mtoto mdogo aliyevunja glasi. Nikaeleza habari za joto, habari za barabara, habari za yule bibi Mmarekani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama.

Ndipo nikakumbuka. Rukia! Yule pale, kashika sinia la vikombe!

"Muulizeni Rukia," nikasema, na nusura nicheke kwa kuona nimeokoka. "Leo asubuhi tumetia pamoja. Yeye ndiye aliyefungua chupa!"

Watu wote wakamgeukia. Rukia akanitazama usoni... hakutazama chini, hakutazama pembeni, alinitazama mimi. Akasema, "Mie humkuta keshafunika. Anachotia, wallahi mie sijui."

Wallahi! Aliapa kwa jina la Mungu, na utamu wa sosi yangu haujamtoka mdomoni!

Mama Béni alikuwa amesimama na uma hewani, maskini, hajui ateme au ameze. Nilichomoa waya, nikakifunga kifuniko kwa kanga ile ile maana sikuwa na namna nyingine, nikainyanyua sufuria imejaa vile vile nilivyoileta. Hakuna aliyeinuka. Mama Béni peke yake ndiye aliyenifungulia mlango, akiwa bado anatafuna.

Nililia kutoka Wheaton mpaka Virginia. Pale Springfield barabara zinapopandana nilishindwa kusoma vibao kwa machozi, nikashika njia siyo, nikajikuta naelekea kusikojulikana huku gari zima linanuka tangawizi. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta, nikamwaga chakula chote kwenye pipa lao. Chakula cha halali, nilichokipika kwa mikono yangu kwa ajili ya Idi... nikakimwaga kama uchafu.

Baada ya siku kadhaa Suleiman akapiga simu. Akasema yeye binafsi haamini mambo hayo, lakini dada yake ana presha na hawezi kumuudhi. Akasema tuvute subira kwanza. Nikamuuliza swali moja tu. "Kama huamini, mbona hukula?"

Akaanza tena habari ya presha ya dada yake.

"Ungekula kimoja tu, Suleiman," nikamwambia. "Kimoja tu, mbele yao!" Akasema, "Mwanasha, usinifanye hivyo," kana kwamba mimi ndiye niliyemfanya jambo. Hakupiga tena.

Rukia naye hakupokea simu zangu. Nilipokwenda kwake mtoto alinifungulia mlango na kuniambia mama amelala, na mimi nimemsikia mama akicheka jikoni. Bado nilikuwa najitafutia sababu za kumsamehe. Labda aliogopa watu? Labda alibabaika? Ndivyo tulivyo, mtu tunayempenda tunamtafutia udhuru hata asipouomba.

Kisha ikaja habari ya nikaha. Suleiman anaoa. Anaoa nani? Nasra! Yule Nasra wa koti langu!

Siku hiyo nilikaa chini kwenye zulia. Maswali yote aliyokuwa akiniuliza Rukia, ule mwendo wake wa kutangulia Wheaton asubuhi ile, kile kiapo... vyote vikajipanga. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Mnadhani yaliishia hapo? Kwenye duka la nyama wanawake wananipisha kwa heshima ya kuniogopa. Nikialikwa mahali, maana adabu inawalazimu kunialika, naambiwa, "Wewe dada lete maji tu, chakula kipo." Maji! Ya chupa, yaliyofungwa kiwandani!

Mwaka haujaisha, Rukia akagonga mlango wangu. Amebeba sahani ya kaimati, amejifunga mtandio mweupe. Anakwenda kuhiji. Nanyi mnajua desturi yetu, anayekwenda kuhiji huzunguka kuomba radhi kwa kila aliyemkosea, asije akasafiri na deni la moyo wa mtu.

Nikamkaribisha jikoni. Akalia sana, na akakiri yote. Ndiye aliyemnong'oneza Bi Shuwena. Ndiye aliyetaja mafundo na kifuniko. Nikamuuliza kwa nini, mimi nilimkosea nini? Akanijibu huku anajifuta machozi, "Nasra alikuwa hana wa kumshika mkono nchi hii, shoga. Wewe ushazoea kukaa peke yako."

Ushazoea! Hilo neno liliniuma kuliko kile kiapo.

Nilijizuia. Nikamwambia radhi zangu zipo na nitampa leo hii, lakini alinikana mbele za watu, basi anisafishe mbele za watu. Ampigie Bi Shuwena sasa hivi, simu iwe wazi nisikie, amwambie kilichokuwa ndani ya ile sufuria. Maneno machache tu.

Akaacha kulia papo hapo. "Siwezi," akasema. "Nasra ana mimba. Nikisema hayo nyumba yake itavunjika. Mie nataka radhi zako tu nisafiri roho nyeupe, hayo mengine tumwachie Mungu."

Nikamwambia basi radhi sina. Siku atakaponisafisha atazikuta. Akachukua mkoba wake akaondoka, kaimati akaziacha mezani, nami sikuzigusa.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Laiti!

Jioni ya safari yake sauti yake ikaingia kwenye kundi la simu la akina mama wa huku, kundi ambalo na mimi nimo. Anawaaga watu. Anaomba dua. Kisha kwa ile sauti ya unyenyekevu akasema, "Na dada yetu Mwanasha nimekwenda mpaka kwake. Nimemsamehe yote. Na nyie nawaomba mumsamehe, binadamu sote twateleza."

Nimemsamehe!

Nikaisikiliza tena na tena. Majibu yakamiminika. Mashallah. Una moyo wa dhahabu. Mungu akutakabalie. Bi Shuwena naye akaweka dua ndefu. Niliandika jibu, nikalifuta. Nikaandika, nikafuta. Nani angeniamini? Yeye yuko njiani kwenda nyumba ya Mungu, na mimi ni yule mwanamke wa mafundo.

Wasomaji wenzangu, sisemi msiwe na mashoga. Mtu hawezi kuishi ugenini bila wa kumfungulia mlango. Ila nawaombeni, kitu kisicho na ubaya msikifiche kwa ajili ya kusifiwa. Mimi nilimwachia mtu mmoja ukweli wangu kwa raha ya kuombwa siri, na siku nilipouhitaji ulikuwa mdomoni mwake, siyo mwangu. Na wewe utakayeulizwa habari za mwenzio mbele za watu, nawe unazijua, nakuomba kwa Mungu, useme! Hata kama kimya chako kina faida kwako. Pia ninyi akina baba, mwanamke mnayesema mnampenda akiaibishwa mbele yenu, msitazame sahani zenu.

Rukia amesharudi, sasa anaitwa Hajati, na watu wanakwenda kumpa mkono. Mashehe na ndugu zangu wananiambia nimsamehe nami nipumzike. Nawasikia, na usiku na mchana najaribu. Lakini niambieni ninyi, namsamehe vipi mtu ambaye dunia nzima inajua kwamba yeye ndiye aliyenisamehe mimi?